Nimemuua Mzee Bakari kwa simu

Leo nimemuua jirani yangu Mzee Bakari, na wala sijamgusa.

Asubuhi nilisikia kilio nyumbani kwake. Sikwenda kutazama. Nikaandika moja kwa moja kwenye kundi la mtaa: "Innalillahi, Mzee Bakari ametutoka."

Na kwetu Msambweni maiti hacheleweshwi. Mara turubai likafungwa, kina mama wakafika na masufuria, vijana wakashika majembe.

Mlango ukafunguka.
Akatoka Mzee Bakari, mswaki mdomoni.

Kumbe mkewe alikuwa akimlilia mbuzi.

Chekeni, lakini aibu yenyewe bado. Mimi ndiye ninayewachosha watu barazani na Lojban, lugha ya kubuni ninayojifunza kwenye simu. Ina vineno vya kueleza umejuaje jambo na una uhakika gani nalo: za'a, nimeona mwenyewe; ti'e, nimesikia tu; la'a, huenda. Niliwaambia hiyo ndiyo dawa ya uzushi!

Umati mzima ukanigeukia. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikasogea, kichwa chini.
"Shikamoo, Mzee."

Akatema povu la mswaki.
"Umeona wapi maiti akiitikia?"