Siku Chairman Alipoketi Benchi ya Wagonjwa wa Cancer

Wakuu, sasa? Hii niliishuhudia kwa macho yangu miaka ya tisini, nikiwa clinical officer kijana hapa Thika. Asiyeamini aulize, mradi asinitukane.

Hospitali yetu (jina naacha) ilikuwa na clinic ndogo ya cancer. Kazi yote ilikuwa ya Sista Njoki, nurse aliyesomea mambo ya cancer hasa. Lakini in-charge alikuwa daktari wa Nairobi, na kamati ya hospitali ilikuwa na sheria yake: hata dawa ikiwa imeshaandikwa na damu imepimwa ikawa sawa, hakuna kumtundikia mtu drip kabla daktari hajaingia.

Sasa huyo daktari aliingia akipenda. Kuna siku hakuja kabisa.

Tata yangu, yaani shangazi, alikuwa na cancer ya matiti. Anatoka Ruiru alfajiri, anangoja, anarudi bila dawa. Mara mbili mfululizo! Wakuu, niliogopa sana. Ule ugonjwa haungojei mtu.

Tukaomba Sista afanywe in-charge. Chairman wa kamati, mzee wa kanisa, akasema nurse hawezi kuongoza clinic.

Kwani nani alikuwa akiiongoza?

Nikaanza kupanga ujinga wangu. Nikamwalika chairman aje aone clinic, asubuhi ya siku ya daktari. Ofisi ya kuketisha wageni nikaifunga, ufunguo nikauficha kwa soksi. Ikabidi mzee aketi benchi na wagonjwa.

Hiyo benchi ilikuwa na desturi yake. Mgeni anapewa chai ya thermos na ngwaci, vile viazi vitamu, anaulizwa ugonjwa ulianzia wapi, halafu anaombewa.

"Pole mzee. Yako iko wapi?" Tata akamuuliza.

"Mimi si mgonjwa. Mimi ni chairman."

"Hata mimi nilikataa hivyo mwanzoni," Tata akasema kwa upole, akamwongezea ngwaci.

Mama mmoja wa Kalimoni akamwekea mkono kichwani, akaanza maombi. Mzee wa kanisa atakataa maombi aje? Akafumba macho. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikijifinya nisicheke.

Saa sita ikakaribia, daktari hayuko. Mzee akamwita Sista.

"Kwani hamuanzi?"

"Ni sheria ya kamati, mzee. Tunangoja daktari."

"Dawa iko?"

"Iko."

"Na damu zao?"

"Ziko sawa."

"Si basi uanze!"

Sista hakusonga. "Nianze kama nani?"

Mzee akageuka, akaitazama benchi yote.

"Kama in-charge! Ngai, anza!"

Drip ya Tata ndiyo ilitundikwa kwanza. Daktari akaingia alasiri, akauliza kwa ukali, "Nani amewaambia muanze?" Vidole vyote vikaelekea kwa chairman, na mdomo wake umejaa ngwaci.

Kamati ikapitisha: daktari aandike dawa, Sista aongoze clinic. Mimi nikapewa onyo, maana mzee hakuwa mjinga. Tata hakurudishwa tena, akamaliza matibabu yake yote. Siku ya mwisho nililia, na sioni aibu kusema.

Funzo? Mkubwa akikataa kusikia, acha kumwandikia memo. Mketishe na wale wanaongoja.

Nyinyi mlio hospitalini, cancer clinic yenu inaongozwa na nani siku hizi? Ama bado mnachungulia dirishani kama mtu wa Nairobi amefika?