Siku Nduthi Yangu Ilifika Hospitali Bila Mama Mkwe

"Jasper, hiyo nduthi yako ikinguruma ng'ombe wangu anafunga maziwa! Sasa nakamua hewa!"

"Mama Gesare, ng'ombe wako ana njaa. Mkatie majani, achana na nduthi."

"Unanifundisha ng'ombe? Wewe, mwenye pikipiki imeinama kama jogoo anadonoa?"

Majirani wote wakacheka. Huku kwetu Kiogoro ugomvi ukianza hakuna mtu anabaki ndani, na mimi napenda uwanja ukijaa. Nilikuwa nishapata jibu kali la kumrudishia.

Simu ikalia.

Jibu lile sikuwahi kulitoa. Na kabla ya jua kufika utosini, nilikuwa nimesimama kwenye geti la hospitali Kisii mjini, kiti cha nyuma kitupu, ilhali nilikuwa nimempakia mama mkwe wangu.

Wacha niwaeleze vile ilikuwa.

Aliyepiga simu ni Damaris, mke wangu. Alikuwa ameenda kwao Manga kumwangalia mama yake.

"Jasper, mama ni presha. Kichwa kinampasuka. Anasema jicho moja halioni vizuri."

"Itisha boda!"

"Boda gani Jumamosi? Wote wako kanisani, simu zimezimwa. Na gari haiwezi kupanda, mvua imeharibu barabara. Njoo!"

Manga kwa kina Damaris ni Wasabato watupu. Jumamosi hata ukitoa dhahabu, stage ya boda haina mtu. Mimi ni Mkatoliki, siku yangu ni kesho yake. Nikavaa helmeti nikatoka mbio.

Nduthi yangu ilikuwa ile ya mbio kabisa. Ukiikalia unalala juu ya tangi, mgongo juu, kichwa chini. Kiti cha abiria ni kipande kidogo kimeinuka huko nyuma, saizi ya sahani. Ekzosi, lile bomba la moshi, nilikuwa nimebadilisha ili dunia nzima ijue Jasper anapita.

Nikapanda kilima cha Manga tairi ikiteleza kwa tope jekundu kama sabuni.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, leso kichwani, uso umebadilika rangi. Akaangalia kile kiti. Akaniangalia mimi. Akaangalia chini.

"Mama, panda tu," Damaris akamsihi, machozi yakimtoka. "Mungu anaona."

Akapanda. Damaris akabaki kwa sababu kiti chenyewe hakikutosha hata mtu mmoja.

Jamani, ile safari.

Mteremko mkali, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine migomba inashuka mpaka huwezi kuona mwisho. Nikigusa breki, nyuma inataka kunipita. Ndani ya helmeti nasikia pumzi yangu tu na ile ekzosi.

Nikapiga kelele, "Mama, nishike!"

Sikusikia jibu. Nikasema labda amechoka.

Karibu na kanisa, waumini walikuwa wanavuka barabara na miavuli. Nikasimama kidogo. Nduthi ikacheza, nikadhani ni tope. Wakamaliza kuvuka, nikachomoka.

Kufika lami nilifungulia yote.

Getini askari akanisimamisha. "Unaenda wapi na hiyo kelele?"

"Emajensi! Nimeleta mgonjwa!"

Akaangalia nyuma yangu. Akaangalia tena.

"Mgonjwa ako wapi, boss?"

Nikageuka.

Sijui niwaambie vipi. Nikaachilia nduthi, askari ndiye aliyeizuia isianguke.

Nimemwangusha. Hiyo ndiyo ilikuwa kichwani. Nimemwangusha mama ya watu kwenye lile bonde, na mimi ninakimbia na kiti.

Damaris nitamwambia nini? Nitaanzia wapi?

Nikarudi nikiendesha polepole, macho kwa mtaro. Kila nguo imeanikwa kwenye ua naona ni yeye. Kila gunia limetupwa kando naona ni yeye.

Nikaanza kupanda kilima. Karibu na lile kanisa nikaona kitu cha bluu kwenye tope.

Ni patipati. Moja. Ya mama mkwe.

Iko pembeni kabisa, pale udongo unakatika kuelekea chini.

Nikazima nduthi, nikainama ukingoni. Migomba imetulia tu. Mvua inadondoka kwenye majani.

"Mama!" nikaita.

Wanawake watatu wakaitika kutoka nyumba tofauti za bondeni. Hakuna aliyekuwa yeye.

"Mama!"

"Eeh, ni mama gani unataka?" mmoja akauliza kutoka huko chini.

Basi nikafanya kitu ambacho mtu hafanyi kwa mama mkwe wake, hata akiwa amelewa. Nikamwita kwa jina, kwa sauti yangu yote.

"Nyabokeee!"

Nikajaza kifua niite tena.

Halafu nyuma yangu, chini ya paa la kioski kilichofungwa, sauti ikatoka, dhaifu lakini kali:

"Ni nani huyo ananiita jina kama mtoto?"

Nilikaa chini kwenye tope. Nililia kama mtoto wa nasari.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu mmoja bila kiatu, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akageuza uso upande.

"Mama, ulianguka?"

"Sikuanguka. Nilishuka, ulivyosimamia watu wa kanisa."

"Ulishuka? Na ugonjwa?"

"Omoko, kila ukishika breki ninakulalia mgongoni. Kifua changu kwa mgongo wa mume wa mtoto wangu! Watu wote wa kanisa wanaangalia. Afadhali presha inimalize nikiwa na ensoni yangu."

Kama wewe si Mkisii, elewa hivi: omoko ni mkwe, na kati ya mama mkwe na mume wa binti yake kuna ensoni, heshima yenye aibu ndani yake. Hamgusani. Hata kusalimiana mnaachiana nafasi. Mimi nilifikiri ugonjwa unafuta hiyo. Kwake haukufuta kitu.

Na hali yake ilikuwa inazidi. Maneno yalianza kumtoka kwa shida.

Hapo ndipo mzee Nyabuto, Mkatoliki mwenzangu, akatokea na pikipiki yake ya kazi, kiti kirefu, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Kumweleza tu, akasogeza mkungu katikati ya kiti, akaukaza kwa mpira.

"Omong'ina, mama yetu, kaa nyuma ya ndizi, shika vyuma vya keria. Huyu aendeshe, mimi nabaki na nduthi yake. Hapo kuna ubaya?"

Mama mkwe akaupima ule mkungu kwa macho. Akapanda.

Hivyo ndivyo tulivyofika hospitali: mimi, ndizi, na mama mkwe. Daktari alisema tungechelewa kidogo zaidi angepooza upande mmoja.

Alipona. Lakini habari ilinitangulia nyumbani. Mama Gesare alikuwa ameshaambia Kiogoro nzima kwamba nimemwaga mama mkwe kama viazi. Kule Manga mashemeji walikaa kimya, na mkwe haendi ukweni bila kuitwa. Wiki zikapita, sikuitwa.

Niliuza ile ya mbio. Nilinunua ndefu, ya kukaa wima, yenye kiti kipana, vishikio vya abiria na kiegemeo cha mgongo. Muuzaji alianza kunieleza spidi. Nikamkatiza: "Kati yangu na abiria, mkungu wa ndizi unaenea?" Alinitazama kama nimerukwa na akili.

Nikamtuma Damaris atangulie kwao aseme mama ana kliniki, na kuna usafiri. Mimi nikasimama nje ya boma.

Mama mkwe akatoka. Akaizunguka nduthi bila kuniangalia. Akapanda peke yake, akaegemea nyuma, akashika vishikio. Akanyoosha mkono mbele kupima nafasi ya mgongo wangu. Haukufika.

Ndugu zangu, ukienda kununua nduthi usikalie mbele pekee. Zunguka, kalia nyuma pia, na ufikirie ni nani utambeba siku huna la kuchagua.

Akashuka, akaingia ndani. Nilibaki pale nikichezea ufunguo.

Ndipo sauti yake ikatoka jikoni:

"Damaris! Omoko amesimama huko nje kama mgeni kwa nini? Mwambie anawe mikono aingie. Kuku ameiva."