Roboti Niliyemfanya Mulevi wa Luberizi

Muniache nicheke kwanza, maana juzi karibu nilie. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye sale ya video, ukumbi wetu wa sinema hapa Sange: picha ikienda, minye nashika mikro na kueleza kwa Kiswahili. Shida ni kwamba Kiingereza sikijui. Nabuni tu.

Tulikuwa na filamu ya zamani ya mfululizo, ya watu wanaosafiri kati ya nyota pamoja na roboti wao mzee. Huyo roboti nilishamfanya mulevi wa Luberizi, kijiji cha jirani: kila akifungua kinywa, anadai kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Watu walikuwa wanavunjika mbavu.

Juzi ilikuwa sehemu ya mwisho. Roboti akalala chini, kapiteni wao akamshika mkono. Nikapaza sauti ya roboti: "Shefu, kasiksi imeisha?" Kimya. Nikaongeza utani mwingine. Kimya. Kugeuka, namuona Mama Neema, muuza mihogo anayekaa mbele kila siku, anajifuta machozi kwa kitenge. Ndipo nikaelewa: roboti anakufa, na minye nachekesha watu kwenye matanga!

Nikaweka mikro chini. Sikusema neno tena mpaka mwisho.

Taa zilipowaka, Mama Neema akanijia. Nikajua kazi yangu imekwisha.

"Weye, leo ndiyo umetafsiri muzuri," akasema.

"Lakini nilinyamaza, mama."

"Njo vile. Siye wote tunajua tangu zamani kama haujue Kingereza."

Sale nzima ikaangua kicheko. Nikashusha pumzi. Siku ile nzima, hicho ndicho kilikuwa kicheko cha kwanza nilichopata kwa watu.