Ziwa Halichezwi Kama Bao

Mzee Sultani, fundi wa taa za wavuvi mjini Kamembe, mkoani Cyangugu, Rwanda, alisoma darasani miaka minne tu. Hesabu alijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa kilichokosa jalada. Kabla ya vita mashua zilifuata sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, popote, hata ng'ambo upande wa Bukavu, maana wazee walijua samaki hao hukaa mabaka mabaka na mabaka huhama. Wazee wengi hawapo tena. Waliobaki hakuna anayewauliza.

Mwaka 1999 Wenceslas, afisa kijana wa uvuvi, alileta Cyangugu ramani iliyokata maji katika viraka thelathini na viwili vilivyo sawa. Kila kikundi kingesaini, kisha kivue ndani ya kiraka chake tu mwaka mzima. Wajane wa kikundi alichoongoza Maman Nyirabagenzi walipewa kiraka cha kumi na tisa, na hawakuwa na chakula kingine ila nyavu zao.

Siku ya kusaini, mbele ya vikundi vyote, Sultani akatua mezani bao lake, mashimo thelathini na mawili, kila shimo kiraka kimoja. Mahindi ni vidudu vya majini, alisema, maharagwe ni sambaza wanaovila. Akamwachia Wenceslas ayapange. Mkono wa kijana, uliozoea bao tangu utotoni, ukadondosha moja moja, shimo kwa shimo, sawasawa.

"Hapo ndipo ulikosea, mutoto yangu," Sultani akasema. "Samaki haikugawanywa na mukono ya muntu."

Akasogeza haragwe moja tu, hadi shimo la jirani. Kisha wakacheza kwa masharti yake: haragwe hula hindi lililo shimoni mwake; likikosa, huhamia shimo la jirani; shimo lisilo na haragwe huota hindi jipya. Mzunguko wa kumi na mbili ulipofika, maharagwe yalikuwa yamejazana katika mashimo sita. Shimo la kumi na tisa, la wajane, lilibaki na mahindi tu.

Wenceslas akahesabu, akasema wastani wa maharagwe kwa shimo ni uleule.

"Wastani hailiwi na bugali," Sultani akajibu.

Kijana alikunja uso, akaonya kwamba asiyesaini hatapata kibali. Watu wakamtazama Nyirabagenzi. Yeye alilitazama shimo lake, akaiweka kalamu juu ya ramani bila kuifungua.

"Papa Wenceslas, weye saini. Sisi tutafwata samaki."

Wajane wote wakainuka pamoja naye. Sultani akakusanya mbegu zake taratibu, ila lile haragwe alilolisogeza kwanza. Hilo moja, lililotosha kuvuruga usawa wote, alimwachia afisa.