Merle Alley na Sanduku la Kioo

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la sita, nikaenda kuunda mitego ya kambakoche na baba. Lakini Merle Alley anastahili kuandikwa, na mwingine wa kumwandika simwoni.

Merle ni fundi wa injini za mashua hapa kwetu Maine, Marekani, tangu tuliporudi kutoka vitani. Kule tulikuwa kwenye mashua moja. Kazi yetu ilikuwa kudanganya. Vijimashua vya mbao, vipaza sauti, moshi na maputo, tukijifanya meli mia zinakuja, ili Wajerumani wakimbilie kwetu na wenzetu washuke salama kwingine. Kinasa sauti kilitoa kelele za injini na minyororo ya nanga. Merle hakuridhika. Akawa anaburuta mnyororo wa kweli juu ya bati.

"Wa nini huo?" nikamwuliza.

"Sikio linataka kitu kimoja cha kweli, Harlan. Mengine linajitungia."

Wajerumani waliamini. Walitupiga mizinga mpaka tukajuta kuaminiwa.

Mimi nilipewa bastola. Sikuifyatua hata mara moja. Vita vikaisha, hakuna aliyeiulizia, nikaja nayo. Mke wangu Avis akaifunga kwa kitambaa cha vyombo, akaitia kwenye droo ya chini jikoni. Ikakaa humo miaka arobaini na tatu.

Avis alifariki Februari. Mwezi wa tatu nikaitoa. Nikaiweka mezani, mahali alipokuwa akikaa yeye. Zaidi ya hapo sisemi.

Jumamosi Merle akaja na chungu cha maharage, kama alivyokuwa akifanya tangu mazishi. Akaiona. Akala, akasifu maharage yake mwenyewe, akaenda zake.

Jumatatu alirudi amekumbatia sanduku la kioo, mbao zimepigwa msasa, ndani kitambaa cha bluu.

"Ukumbi wa maveterani wanataka kuonyesha vitu vyetu siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani," akasema. "Kofia wanazo, picha wanazo. Bastola hawana."

"Waombe wengine."

"Nani? Sisi tulipigana kwa makelele. Mwenye bastola ni wewe. Au unaogopa watajua hujawahi kuifyatua?"

"Wewe si ulipigana kwa mnyororo?"

"Na nikashinda. Lete hapa, mzee."

Nikatazama lile sanduku. Alikuwa amelifanyia kazi. Nikampa bastola, na risasi zake.

Siku yenyewe, mwisho wa Mei, nikavaa koti nikaenda ukumbini. Viti, bendera, kahawa. Sanduku hakuna. Nikamwuliza mama aliyekuwa akimimina kahawa.

"Maonyesho gani, babu?"

Nikaenda kwa Merle moja kwa moja. Sanduku lilikuwa dirishani, limejaa miche ya nyanya.

"Inaendeleaje?" nikauliza.

"Hiyo ya kushoto imegoma."

"Bastola yangu iko wapi?"

Akafuta grisi mikononi, kidole kwa kidole. "Ipo. Unaitaka?"

Mimi, niliyeusikia mnyororo ule kwa masikio yangu, nilikuwa nimeonyeshwa sanduku moja la kweli, nikajitungia ukumbi mzima.

"Umenifanya Mjerumani," nikasema.

"Wajerumani walikuwa na mashaka kidogo. Wewe hata hukuuliza." Kisha akaacha mzaha. "Harlan. Unaitaka?"

Nikafikiri. Tangu aichukue nilikuwa nimelala, nimekula, nimeosha mapazia ya Avis.

"Ikae hukohuko."

"Haya." Akang'oa miche mitatu, akaitia kwenye kopo la kahawa. "Avis alikuwa akipanda kando ya ukuta, upande wa jua. Usinizembee."

Sasa ni Agosti. Asante sijamwambia kwa mdomo. Angenitania mpaka kaburini. Nyanya ya kwanza iliiva jana. Nimeiweka mezani, mahali pale, inamngoja Merle aje Jumamosi na maharage.