Saa Nane Nilizosahau Kutoka Minneapolis hadi Manga

Niliondoka Minneapolis kwenda kumzika mama. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu Manga, magharibi mwa Kenya, udongo wa kwanza kaburini ni wangu.

Jumanne, mdogo wangu Onsongo alinipigia simu. "Kaka, tuzike Jumapili, ndio ufike bila haraka." Nikamkatalia, kwa kuwa Jumatatu nilitakiwa kazini. Nilikuwa nimeangalia kwenye mtandao: kilomita elfu kumi na tatu na ushei hadi Nairobi, saa kumi na saba angani. Nikaongeza tatu za kubadilisha ndege na saba za barabara, kuanzia Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndege inapoondoka. "Zikeni Ijumaa. Saa nne asubuhi niko hapo nyumbani," nilisema kwa kujiamini, msomi mzima.

Alhamisi alfajiri, nikiwa uwanja wa ndege, ndipo nilipoisoma tiketi vizuri. Ningetua Nairobi Ijumaa saa nne na nusu. Nilikuwa nimesahau kwamba saa za Kenya ziko mbele kwa saa nane. Simu ilikuwa mkononi na Onsongo alikuwa macho, lakini niliona haya. Nikajiambia watanisubiri, nikaizima.

Ijumaa saa saba na nusu mchana, gari la kukodi likipita Narok, nilimpigia na kumweleza nilipo. Akasema, "Kaka, watu wamejaa hapa. Pasta anaangalia jua." Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, hakuna jembe linaloinuliwa.

Tulipofika Masimba, saa kumi na moja jioni, nilipiga tena. Akapokea shangazi yetu, Kemunto. "Tumemaliza, baba. Kaburi likichimbwa haiwezi lala wazi, unajua. Pole."

Nilifika Manga jua likigusa migomba. Akina mama walikuwa wanasuuza sufuria haraka haraka ili Sabato isiwakute. Mahema yalikuwa yamekwisha kung'olewa. Nilisimama mbele ya udongo mbichi, nikainama kuchota kidogo, nikauacha, maana hapakuwa tena na mahali pa kuutupa. Nililia mbele ya watu.

Onsongo alikuja na kiti. "Tulichimba leo asubuhi," alisema. "Ungeniambia jana, hatungechimba. Tungengoja tu Jumapili."

Hakuwa na hasira. Ningependa awe nayo.

Jumamosi nilikaa kanisani kati yake na shangazi, nikipewa mikono ya pole. Jumapili asubuhi, siku ambayo mama angezikwa nami nikiwapo, nilikuwa ndani ya ndege. Nilitua Minneapolis jioni ya Jumapili hiyohiyo. Kurudi magharibi, zile saa nane hurudishwa zote.

Hesabu ya safari nimeijua sasa, kwenda na kurudi. Lakini si saa zilizoninyima kumzika mama. Simu ya dakika moja ingetosha, na niliizima mwenyewe.