Kinga ya Mama

Tangu tulipofika Kampala kutoka Kongo, mama aliuza kuku hai sokoni Nakivubo. Mteja akitaka, alimnyonyolea papo hapo, huku akikohoa, nasi tukasema ni manyoya tu. Alipoanza kupumzika mara mbili kabla ya kumaliza ngazi za kanisa, majirani zetu wa Bwaise wakaanza kunong'ona. Miaka ile mtu akikohoa na kukonda hakuulizwa anaumwa nini. Jibu watu walikuwa nalo tayari.

Kipimo cha ugonjwa ule kikatoka safi, cha kifua kikuu pia. Daktari alituonyesha picha ya mapafu, akaeleza taratibu kwamba vumbi la kuku liliuchokoza mwili wa mama, na kinga yake ikaanza kupigana isijue kuacha. Kila ilipopigana iliacha kovu, na kovu halipitishi hewa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza. Akampa vidonge vya kuituliza hiyo kinga. Makovu yaliyopo hayataondoka, alisema, tunalinda kilichobaki. Na kuku basi.

Kuku mama aliwaacha. Vidonge nilivikataa mimi. Nilikuwa nimezika mama wadogo wawili walioishiwa kinga, na redioni, kanisani, kila mahali tuliambiwa kinga ndiyo uhai. Leo mtu aliyesoma ampe mama yangu dawa ya kuishusha? Nilimwona mpumbavu. Nikavitupa vidonge chooni, nikawa nachemsha majani ya mlonge na kumnywesha asubuhi na jioni ili kinga ipande. Aliniuliza mara moja tu vidonge viko wapi. Nikamwambia vingemuua. Akanywa majani.

Baada ya miezi mitatu hakuweza kufunga kitenge bila kuketi. Tukarudi. Daktari aliweka picha mpya kando ya ile ya zamani. Hata mimi nisiyejua kusoma picha niliona mapafu yalikuwa yamebaki kidogo sana. Akauliza, kwa hasira aliyojaribu kuizuia, ni nani aliyeamua dawa iachwe.

Nilifungua mdomo. Mama akanishika goti.

"Munganga, ni miye nilikatala dawa," alisema, akitafuta hewa kati ya maneno. "Mutoto hana kosa."

Daktari akaandika hivyo kwenye faili. Nami nikamwacha aandike.